Waridi na Mpini wa Jembe

Kwanza niseme wazi: mie waridi silipendi. Nimekulia Tanga mjini, kwenye nyumba ambayo chupa ya marashi haikosekani kabatini, na mtoto wa nyumba kama hiyo analijua waridi kabla hajajua kusoma. Harusini linanyunyizwa, maulidini linanyunyizwa, msibani linanyunyizwa. Matokeo yake, mtu akinipita na waridi mwilini, kichwa changu kinauliza papo hapo: nani kaoa, nani kafa? Halafu kuna lile waridi la sabuni na mafuta ya watoto, tamu kama pipi, linalokwama kooni. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Kwa hiyo nilipokuwa Dodoma, na yule mama muuza manukato ya kupima akaniambia, "Mpenzi, nina waridi moja hapa litakufaa," nilimwambia asinipotezee muda. Akacheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kauli, hasemeshwi mara mbili. Akanishika mkono kwa nguvu, akanidondoshea tone moja ndani ya kiwiko, akasema, "Usinuse. Nenda kanunue nyanya zako, ukimaliza ndiyo unuse, halafu ukirudi kunitukana utanikuta."

Sikurudi kumtukana. Nilirudi kununua.

Nieleze lilivyo, maana watu huniuliza na jibu la "waridi" haliwatoshi. Mwanzo wake ni mkali. Linakuja ua pamoja na shina lake na majani yake, na juu yake kitu kama pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Ukilinusa wakati huo unaweza kulikataa, na wengi hulikataa. Baada ya muda wa kuchemsha chai na kuinywa, ule ukali unatulia, ua linakaa chini, na mbao inaanza kupanda. Yule mama muuzaji aliita mwerezi. Mie niliona ni penseli iliyochongwa. Ikifika alasiri, waridi limebaki kidogo tu, na kilichopo ni mti mkavu na udongo kidogo, harufu ya sanduku la zamani lenye nguo safi. Halina sukari popote. Hicho ndicho nilichokipenda.

Mwaka jana tukahamia Bariadi. Mume wangu ni Msukuma wa Dutwa. Tulikutana Dodoma kazini, tukaoana bomani kwa sababu yeye ni mtu wa kanisa na mie ni mtu wa msikiti, na hakuna aliyetaka kumburuta mwenzake. Yeye akaacha kazi akafungua duka la pembejeo karibu na stendi: mbegu za pamba, dawa za wadudu, bomba za kupulizia. Mie nikaomba uhamisho, nikapangiwa ofisi ya ardhi. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na ndoa yangu ilikuwa bado changa.

Manukato yale nayo yalihitaji kuhamishwa, nisidanganye. Jua la Bariadi kabla ya mvua halina mchezo. Nilichokuwa najipaka Dodoma asubuhi kikadumu hadi jioni, hapa waridi linakimbia kabla sijafika ofisini na kuniachia mbao peke yake. Nikajifunza. Usijipake shingoni, jasho litaligeuza chungu. Paka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, kisha kidogo kwenye upindo wa kitenge, kwa sababu pamba inashika harufu na nailoni inaitema. Siku ya kikao, mara mbili inatosha. Siku ya kwenda kupima viwanja porini, usihangaike, vumbi litakula kila kitu. Ukiwa jikoni unakaanga dagaa wa Nassa, waridi litashindwa mara moja, lakini ile mbao itavumilia, na ukishaoga utaikuta bado ipo kwenye nguo. Kwa mume wangu dukani sikukanyaga nikiwa nimejipaka. Dawa ya pamba haishindani na mtu.

Ofisini walilizoea. Mzee mmoja wa masijala alikuwa akiniona tu anasema, "Mama Tanga kafika," kabla sijamsalimia. Nilikuwa nasikia raha. Asubuhi zangu zilikuwa za kukimbia: kuamka gizani kukinga maji ya bomba yanayotoka kwa zamu, kubeba ndoo, kupika, kufua, kumpelekea mwenye duka chakula chake, halafu ndiyo niingie ofisini nimenyooka. Kile kitone kwenye kiwiko ndicho kilikuwa changu.

Ndipo mama mkwe alipokuja.

Nilikuwa sijawahi kukutana naye. Tulipofunga ndoa hakusafiri, macho yalishaanza kumsumbua, na kila tulipopanga kwenda Dutwa kukawa na la kuzuia. Sasa ilikuwa hivi: jicho lake la kulia lilishakufa kabisa kwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, zito, jeupe, anaona mwanga na vivuli tu. Madaktari wa macho walitarajiwa hospitalini Bariadi baada ya wiki chache, na daktari aliyemwangalia mwanzo alisema likifanyiwa upasuaji litaona, likiachwa nalo linaweza kuharibika. Tatizo ni mama mwenyewe. Alishatoroka mara moja. Alipelekwa kliniki na binti yake, akaachwa kwenye foleni binti akanunue maji, na huku nyuma mama akajiulizia njia mpaka stendi, akapanda basi la Dutwa na jicho lake.

"Safari hii akirudi Dutwa kabla hajafanyiwa," mume wangu aliniambia, "haji tena. Namjua mama yangu. Atakaa pale kwenye kiti chake mpaka giza liingie kabisa."

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: kumfanya mama akae. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nikafua mashuka, nikajifunza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, inavyopikwa, nikajifunza salamu za Kisukuma mpaka mume wangu akachoka kunisahihisha. Na asubuhi aliyofika, nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikajipaka manukato yangu vizuri, kwenye viwiko na kwenye upindo.

Akashushwa kwenye bajaji. Mwanamke mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka, kichwa amekiinua kidogo kama anasikiliza kitu cha mbali. Nikapiga goti nilivyofundishwa. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," akaitikia. Akanyoosha mkono, akanishika bega, kisha akainama. Akavuta pumzi puani, ndefu, bila haya yoyote. Akamgeukia mwanawe na kusema kwa Kiswahili, ili na mie nisikie:

"Huyu ananuka."

Jamani! Mtu wa Tanga unamwambia ananuka! Nimeoga kwa maji niliyoyabeba kichwani! Nilibaki pale chini na goti langu vumbini, uso unaniwaka moto. Mume wangu akacheka tu, akachukua mzigo wa mama yake, wakaingia ndani wakiongea Kisukuma chao. Sikuamini kwamba amecheka.

Nikajiambia ni mzee, hana nia mbaya, tuendelee. Nikaongea naye sana siku zile za kwanza, maana mie ni muongeaji, nikinyamaza najiona naumwa. Nilimsimulia mambo ya Tanga, nikamwambia kila ninachofanya ili asishtuke: mama sasa namimina maji, mama hapa kuna ngazi, mama uji una moto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi, kichache na cha lazima, lakini alisikiliza. Nilimpeleka chooni, nilimwogesha, nilimtilia dawa ya macho kila ilipotakiwa, kisha nikakimbia ofisini. Mchana mume wangu alikuwa anachungulia kutoka dukani.

Lakini lile neno halikukoma. Jirani akija kumsalimu, mama anamwambia, "Mwulize yule anayenuka." Mume wangu akirudi, mama anauliza, "Yuko wapi anayenuka?" Akinisikia nimeingia tu mlangoni, kabla sijatoa viatu, "Aa, amefika. Ananuka huyo." Siku moja alinisemea hivyo mbele ya wanawake wa jumuiya waliokuja kusali naye, na wote wakacheka. Loo! Nilikwenda jikoni nikakuna nazi ambayo sikuwa na mpango nayo, ili nipate cha kukuna.

Nikajua sasa. Hataki mtu wa Tanga. Hataki mtu wa msikiti. Hataki mwanamke aliyeolewa na umri wake na hana mtoto. Hawezi kuyasema hayo kwa mwanawe, basi anayasema kwa pua.

Mie nikikasirika sipigi kelele. Nanuna. Na kununa kwangu ni kwa mtu anayejua kazi. Nikaichukua ile chupa, nikaiweka juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Nikafua vitenge vyangu vyote kwa sabuni ya mche na kuvianika juani mpaka vikakakamaa. Nikaoga kwa sabuni hiyohiyo. Haya, mama, sinuki tena, umefurahi? Na maneno nikayapunguza. Shikamoo, chakula, dawa, choo. Sauti ya chini, kazi ileile. Hakuna kilichopungua kwenye huduma, naapa. Nilichomnyima ni maneno tu.

Mume wangu, kwa kuwa ni mwanaume na ilikuwa msimu wa mbegu, hakuona kitu.

Mama ndiye aliyebadilika. Kwanza akaacha kula vizuri. Nikimpa uji anaushika muda mrefu, anaugusa kwa ulimi, anauweka chini. Nikimshika mkono kumpeleka chooni, mkono unakuwa mgumu kama mti. Wakati wa kumtilia dawa anakaza kope, sijui niimimine wapi. Mzigo wake, ule aliokuja nao, akauhamisha kutoka kwenye kabati akaulalia. Na akaanza kuniita "binti." Binti, niachie. Binti, nitajiogesha mwenyewe. Nikasema moyoni, haya, sasa hata kunuka hatuko, tumeshuka daraja, tumekuwa binti.

Asubuhi moja ya Jumamosi nimetoka kuanika nguo, namkuta mama yuko uani. Amejifunga kanga mbili, mzigo uko kichwani, anapapasa ukuta kutafuta geti. Nikamkimbilia. Akanisukuma! Mzee yule mwembamba ana nguvu, sijui anazitoa wapi. Nikampigia simu mume wangu nikamwambia acha wateja wako, njoo, mama anaondoka.

Alikuja na harufu yake ya dawa ya pamba, na mama akaijua kabla hajasema neno. Akamkamata shati. Wakaanza kuzozana kwa Kisukuma, mama sauti juu, mume wangu sauti inashuka, inashuka, mpaka akanyamaza kabisa. Alikuwa ananiangalia mie, mdomo wazi. Nilidhani mama ametukana wazazi wangu.

"Anasemaje?" nikamwuliza. "Sema tu. Nimeshazoea."

"Anauliza nimempeleka wapi mke wangu."

"Nini?"

"Anasema mke niliyekuwa naye amenikimbia au nimemfukuza, nimemletea mfanyakazi wa ndani, na ninamdanganya kwa sababu haoni. Anasema yeye jicho lake halitibiwi kwenye nyumba iliyofukuza mke. Anasema mke alikuwa mzuri. Anaongea, anacheka, ananuka."

"Basi! Umesikia? Ananuka! Hata leo!"

Mume wangu akanikodolea macho kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani asilolisoma. Kisha, taratibu, kikamwingia. "We," akasema, "ulidhani anakutukana?"

"Kwani kunuka ni nini?"

"Kunuka ni... ni kunuka. Kunuka vizuri."

"Hiyo ni kunukia! Kunuka ni choo, kunuka ni soksi, kunuka ni samaki wa juzi! Kunukia ni manukato! Umesoma mpaka chuo kikuu hujui kunuka na kunukia?"

"Mie najua," akasema, naye sasa anacheka mpaka anashika ukuta. "Mama ndiyo hajui. Kwetu neno ni moja. Likiwa zuri unaongeza zuri, likiwa baya unaongeza baya, na kama hujaongeza, mtazame mtu usoni. Huku nusu ya watu wanasema hivyo. Wewe hujawahi kusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Sokoni, ofisini, nimesikia watu wakisema mchele huu unanuka wakimaanisha wa kunukia, na nikawa nawacheka kimoyomoyo kama mtu wa pwani anavyowacheka watu wa bara. Lakini neno likiwa limeelekezwa kwako, na limetoka kwa mama mkwe, elimu yote inaruka dirishani. Nilicheka, halafu nikaanza kulia, halafu nikacheka tena. Na mama katikati yetu na mzigo wake kichwani, anageuza uso huku na huku, hajui nini kinaendelea.

Nikaingia ndani. Nikapanda kwenye kiti, nikaitoa ile chupa nyuma ya masanduku, nikajipaka. Nikatoka, nikapiga goti pale uani. Mume wangu akashika mkono wa mama yake akauweka juu ya mkono wangu.

Mama aliunusa mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Kisha akanipiga kofi la bega, la kweli, lenye kuuma.

"Ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa nimenuna, mama."

Mume wangu akamtafsiria. Sijui alitafsiri nini, lakini mama alikaa chini palepale kwenye ngazi, akautua mzigo, na akaagiza uji.

Kuanzia hapo manukato yale yakawa kifaa cha kazi, sawa na kidumu cha maji. Nikawa najipaka kidogo kila nikitoka na kila nikirudi, viganjani, ili nikimkaribia aniwahi. Na ndipo nilipojua kwamba mwanamke yule ana pua kuliko yule mama wa Dodoma. Mwanzo wa manukato haukumpendeza. Akinisogelea asubuhi anakunja uso: "Maua ya kanisani. Na pilipili. Ngoja kwanza." Waridi kwake lilikuwa ni ua la altare, halimhusu. Alichokuwa anakisubiri ni ile mbao. Alasiri, nikirudi nimechakaa, ananivuta, ananusa, uso wake unalegea.

"Mpini," alisema siku moja.

"Mpini gani, mama?"

"Wa jembe. Mpya. Umechongwa leo, haujashikwa na mtu." Akaonyesha kwa mikono, anavyochonga mchongaji na maganda yanavyoanguka. Kila msimu kabla ya mvua, baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa anachonga mipini nje ya nyumba, na yeye anakaa karibu anachambua mbegu. "Inanuka hivi," akasema. Yule mama wa Dodoma aliita mwerezi, mie nikaita penseli. Kati yetu sote watatu naona yeye ndiye aliyepatia.

Basi siku zikaenda. Alikula. Alifumbua jicho nikatia dawa. Alinifundisha Kisukuma na kunicheka. Usiku akiamka anaita, naamka. Alfajiri maji, mchana ofisi, jioni yeye. Wanawake wa jumuiya wakija anawaambia, "Huyu ananuka," na mie naitikia kutoka jikoni, "Ndiyo, nanuka sana!" na wote tunacheka pamoja.

Siku ya upasuaji ikafika, na muuguzi akaja na masharti. Hakuna mafuta, hakuna pafyumu, hakuna hina mbichi, hakuna kitu chochote cha harufu, kwa mgonjwa wala kwa anayemwongoza hadi mlangoni. Nikamwambia dada, huyu mgonjwa ananijua kwa harufu, asipoisikia atatoroka, nakuhakikishia. Akaniambia mama, hapa ni chumba cha upasuaji, siyo saluni. Alikuwa na haki yake. Nikaenda bombani nikajisugua kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikanuna.

Niliporudi kumshika mkono, mkono ukawa mgumu. "Nani?" akauliza.

"Ni mie mama. Leo wamenikataza kunuka."

Nikaona miguu yake inatafuta sakafu, anataka kushuka kitandani. Na mlango wa kutokea hauko mbali. Basi nikaanza kuongea. Sikumbuki niliongea nini. Nilimwambia habari za mbuzi wa jirani waliokula nguo yangu ya ndani kwenye kamba, habari za mzee wa masijala, namna ya kupika mkate wa kumimina, shangazi yangu aliyeolewa mara tatu na wanaume wenye jina moja. Kiswahili kitupu, haraka, bila kupumua, nikijua nusu haelewi. Wagonjwa wengine kwenye foleni wakaanza kucheka. Mkono wake ukalegea kidogo kidogo.

"Ndiye," akamwambia muuguzi. "Huyu ndiye. Anaongea."

Akaingia.

Kesho yake asubuhi ilikuwa ni kumtoa mama bandeji, palepale wodini. Nilikuwa nimelala kwenye kiti usiku kucha, lakini alfajiri nilirudi nyumbani nikaoga, nikavaa vizuri, nikajipaka, tena zaidi ya kawaida, maana masharti yalikuwa yamekwisha na nilitaka anikute nilivyo. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa kichwani, mikono haijui ikae wapi.

Muuguzi akabandua plasta taratibu, akafuta jicho kwa pamba. Chozi likashuka. Mama akapepesa, akafumba, akafumbua tena. Akamwangalia mwanawe kwanza. Akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa Kisukuma kitu ambacho hata mie nilikielewa: kwamba amenenepa. Mume wangu akajibu "Ndiyo, mama," kisha akageukia ukutani akajipangusa uso.

Halafu akanigeukia mie.

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimefikiria atasema mweusi au mweupe, mfupi au mrefu, atasema umri. Nilishapanga na jibu la mzaha. Lakini hakusema upesi. Alininyooshea mkono, na mie nikadhani anataka kunusa, nikampa kiganja. Hakukinusa. Alikisogeza pembeni kana kwamba kinamkinga asione, akanishika kidevu na kunigeuza usoni, kwenye mwanga wa dirisha. Akapita kidole gumba chini ya jicho langu moja, kisha la pili.

"Umechoka," akasema.

"Umechoka sana, ng'wana wane." Aliniita mwanawe, akautazama uso wangu tena, akitafuta kitu ambacho alikuwa na hakika angekikuta na hakukikuta. "Harufu yako haikuniambia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo Bariadi. Niliambiwa nimependeza, niliambiwa nanukia, niliambiwa mume wangu kapata jembe. Nilijaribu kusema ni usiku wa jana tu mama, ni kiti cha hospitali, lakini chozi likaniwahi mbele ya wodi nzima. Niliona aibu, na nilifarijika kuliko nilivyowahi kufarijika tangu niolewe.

Mama akasogea kitandani, polepole, mpaka ukutani. Akapiga godoro kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Lala," akasema. Na akamwambia mwanawe aende nyumbani akachote maji.